Piga Hodi Kabla ya Mstari

Mwaka juzi nilikaa kwenye ibada ya nyumbani kwa mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa amefungwa kwa wizi. Tulikwenda kumpa pole. Chai ilikuwa imeshamiminwa, watu wameenea kwenye mikeka na viti vya kuazima, na mzee wa kanisa aliyepewa nafasi ya kutoa neno akafungua Mithali 22:6: "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Akausoma mara mbili. Kisha akamgeukia mwenyeji wetu, akasema kwa upole kabisa, "Mama, Neno la Mungu halisemi uongo. Ukiona mtoto ameiacha njia, ujue kuna mahali hakuongozwa vizuri." Yule mama aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Hakusema kitu mpaka tulipoondoka.

Nimelirudia tukio lile moyoni mara nyingi. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Mstari alioutaja upo, na hakuuongeza wala kuupunguza neno. Kosa lake ni kwamba aliisoma methali kama mtu asomaye hati ya mkataba: mzazi akitimiza upande wake, Mungu atatimiza wake, na mtoto akipotea basi mzazi ndiye aliyevunja. Andiko la aina moja lilisikilizwa kwa sikio la aina nyingine, na mama aliyestahili kufarijiwa akahukumiwa sebuleni kwake mwenyewe.

Kitabu chenyewe kinajitaja. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inakiita Mithali. Biblia Habari Njema inakiita waziwazi Methali. Na sisi tunaozungumza Kiswahili tunajua methali ni kitu gani tangu utotoni. Tunajua "haraka haraka haina baraka", tunajua pia "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hakuna aliyewahi kuwashtaki wahenga kwa kujipinga. Methali hufinyangwa na jinsi mambo yanavyokwenda mara nyingi, na anayeitamka ndiye mwenye kazi ya kujua leo ni siku ya ipi. Wahenga wa Israeli walilijua hilo vizuri. Mithali 26:4 inasema, "Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake," na mstari unaofuata papo hapo unasema, "Mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake." Waliozipanga hawakuwa vipofu. Naamini waliziweka jirani kwa makusudi, ili msomaji ajue mapema kwamba kitabu hiki kitamdai busara yake mwenyewe. "Mlee mtoto" umo katika kundi hilo hilo. Ni shauri la wazee kwa mzazi aliye bado na mtoto mdogo mkononi. Kumgeuzia mzazi aliyekwisha kulea, na kulia, ni kuugeuza kuwa fimbo.

Kuna mstari mwingine unaopendwa sana kwenye kadi za mahafali na juu ya milango ya maduka mapya: "Tena ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana." Ayubu 8:7. Wachache huuliza ni nani anayesema. Anayesema ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, na mistari mitatu tu kabla ya hapo amemwambia Ayubu kwamba wanawe, ambao wote kumi wamekufa kwa siku moja, waliyapata ya dhambi zao. Kitabu cha Ayubu ni malumbano ya kishairi. Watu wanajibizana kwa zamu, tena kwa lugha tamu, na aliyekitunga amewaacha wanaokosea waseme sana na waseme vizuri. Mwishoni, katika 42:7, Mungu mwenyewe anawaambia Elifazi na wenzake, Bildadi akiwemo: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Ni kweli mwisho wa Ayubu uliongezeka kuliko mwanzo wake. Lakini haukuongezeka kwa njia aliyoielekeza Bildadi, ambaye alimtaka aungame hatia asiyokuwa nayo. Ukiutundika mstari wake ukutani bila kujua umo ndani ya mabishano, umemtundika shahidi aliyekwisha kukanushwa.

Inanishangaza kwamba tunayumba hapa, kwa sababu watu wetu ni mabingwa wa kutambua aina za maneno. Bibi akisema "Paukwa!" tunaitika "Pakawa!", na tangu hapo sungura anaweza kumshauri tembo bila mtu kuuliza sungura gani huyo mwenye kinywa. Akisema "Kitendawili!" tunaitika "Tega!", na akili zinaanza kutafuta kilichofichwa. Mpiga mbiu ya mgambo anasikilizwa kwa namna yake, mwimbaji wa taarabu kwa namna yake, hakimu kwa yake. Hizo ni hodi. Mzungumzaji anabisha mlangoni ili ajulikane anaingia kama nani.

Biblia nayo inabisha. "Neno la Bwana likanijia, kusema" ni hodi ya nabii. "Paulo, mtume wa Kristo Yesu" ni hodi ya barua. "Mtu mmoja alikuwa na wana wawili" ni hodi ya mfano, na hakuna mwenye akili anayeuliza mtu huyo alikaa kijiji gani. Tena hodi hizi hazipigwi mwanzoni mwa vitabu peke yake. Ndani ya Waamuzi, kitabu tunachokiweka kwenye kundi la historia, Yothamu anapanda juu ya mlima Gerizimu na kusimulia ngano ya miti iliyotoka kujitafutia mfalme, mpaka ikaangukia mti wa miiba. Humo humo Samsoni anawategea Wafilisti kitendawili cha asali iliyotoka kwenye mzoga wa simba. Na humo humo tukio moja limesimuliwa mara mbili: sura ya 4 inaeleza kwa nathari jinsi jeshi la Sisera lilivyoshindwa na jinsi Yaeli alivyomuua kwa kigingi cha hema, kisha sura ya 5 inaimba jambo lile lile kwa kinywa cha Debora, na katika wimbo nyota za mbinguni nazo zinapigana. Anayejua wimbo ni nini hatafuti nyota iliyoshika upanga. Anasikia shangwe ya watu walionusurika wakahisi mbingu nzima ilikuwa upande wao.

Yupo aliyekosea kutambua aina, na kosa lake likamwokoa. Nathani alipomwendea Daudi baada ya ile dhambi ya kumchukua Bathsheba, mke wa mtu, alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi alidhani ameletewa kesi. Akakasirika, akatoa hukumu. Ilikuwa ni mfano, na nabii akamjibu: "Wewe ndiwe mtu huyo." Kisa kile kinaonyesha kwamba waandishi wa Biblia walizijua aina, wakacheza nazo kama fundi anavyochezea randa.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Tunafundishwa Shule ya Jumapili kwamba Agano la Kale lina sheria, historia, mashairi na hekima, kisha manabii wakubwa na wadogo. Agano Jipya lina Injili, Matendo, nyaraka na Ufunuo. Ni mgawanyo mzuri, nami niliukariri kwa wimbo. Ila hatukuambiwa kwamba haukushuka na vitabu. Wayahudi wana vitabu vile vile vya Agano la Kale la Kiprotestanti, wakivihesabu 24 badala ya 39, na wanavipanga kwa makundi matatu: Torati, Manabii, Maandiko. Ndiyo mpangilio anaoukaribia Yesu katika Luka 24:44 anapotaja "torati ya Musa, na Manabii na Zaburi".

Angalia tofauti zinavyobadilisha usomaji. Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme, ambavyo kwetu ni historia, kwa Wayahudi vimo katika Manabii. Mimi naona wao wameshika neno zito zaidi. Chukua mfalme Omri. Waashuru waliendelea kuiita nchi ya Israeli "nyumba ya Omri" hata baada ya ukoo wake kung'olewa, na jiwe la Mesha mfalme wa Moabu linamtaja kwa jina. Huyo ndiye aliyejenga Samaria. Lakini 1 Wafalme 16 inaupa utawala wake mistari sita tu, ikataja kilima alichokinunua kwa talanta mbili za fedha, ikasema alifanya maovu, ikapita. Mwanahistoria angemwandikia sura nzima. Mwandishi wa Wafalme alikuwa anahubiri, akiuliza swali moja kwa kila mfalme: je, alimwabudu Mungu peke yake? Ukikisoma kama kumbukumbu za ikulu utakilaumu kwa pengo ambalo kwake si pengo. Vivyo hivyo 1 Mambo ya Nyakati inafika mahali Daudi alipobaki Yerusalemu wakati wa vita, na kisa cha Bathsheba hakimo. Samweli alikuwa amekwisha kukieleza. Nyakati iliandikwa kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni, waliohitaji kuona hekalu na ibada vikisimama tena.

Danieli tunamweka na manabii wakubwa. Wayahudi wamemweka katika Maandiko. Ruthu kwetu amekaa kati ya Waamuzi na Samweli, kama daraja la kufikia ukoo wa Daudi. Katika nakala kongwe ya Kiebrania ya mwaka 1008 iliyohifadhiwa St Petersburg, Ruthu anafuata mara baada ya Mithali. Mithali inafunga kwa kuuliza, "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Unafungua ukurasa, na anatokea mjane Mmoabu, mgeni anayeokota masazo shambani, ambaye Boazi, mwenye shamba, anamwita kwa maneno yale yale ya Kiebrania: mwanamke mwema. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Jirani wa kitabu amebadilika, na kitabu kimesema jambo jipya.

Na Yona? Yumo katika manabii wadogo kumi na wawili, wanaoitwa wadogo kwa ufupi wa vitabu vyao, si kwa cheo. Lakini unabii wake wote kwa Ninawi ni sentensi moja. Mengine yote ni kisa cha nabii mwenyewe, na katikati yake zaburi ndani ya tumbo la samaki.

Kwenye Agano Jipya mpangilio unaficha mambo mengine. Luka na Matendo ni kazi moja ya mwandishi mmoja, juzuu mbili zilizoandikwa kwa Theofilo, lakini Injili ya Yohana imeingizwa katikati. Nyaraka za Paulo hazikupangwa kwa tarehe wala kwa uzito: zilizokwenda kwa makanisa zimetangulia, zilizokwenda kwa watu binafsi zikafuata, na katika kila kundi kanuni ni urefu, kwa jumla ndefu kwanza na fupi mwisho. Jirani zetu Waislamu hawatashangaa, kwa kuwa sura za Qurani nazo baada ya Al-Fatiha zinaelekea kupangwa hivyo. Kwa hiyo Warumi iko mbele kwa sababu ni ndefu, na Filemoni iko nyuma kwa sababu ina mistari 25. Na barua hizo kwa sehemu kubwa zilitangulia kuandikwa kabla ya Injili, ingawa tunazisoma baada yake.

Neno lenyewe la waraka lingetosha kutuamsha. Waraka una anayeutuma, anayeupokea, na jambo lililowakutanisha. 1 Wakorintho 7 inaanza kwa kusema, "Basi kwa mambo yale mliyoandika", maana yake Wakorintho walitangulia kumwandikia Paulo na barua yao hatunayo. Tunasoma majibu, maswali tunayakisia. Sura ya 13, ambayo haikosi kwenye kadi za harusi, "Upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu", iliandikwa kwa kanisa lililokuwa likigombania karama na kutambiana kwa kunena kwa lugha. Soma sura ya 12 na ya 14 uione ilivyobanwa katikati. Paulo hakuwa anawapamba bwana na bibi harusi. Alikuwa anawaambia ndugu waliokuwa wakihusudiana kwamba upendo hauhusudu. Maharusi wana haki ya kuisoma. Ningependa tu wajue kwamba ni maonyo kabla ya kuwa pambo.

Mfano unaoniuma zaidi ni Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Uko kwenye stika za magari, kwenye kalenda za ukutani, kwenye simu zetu kila mwaka mpya. Ni waraka ulioingizwa ndani ya kitabu cha nabii, uliotumwa kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Katika sura iliyotangulia, nabii Hanania anawaahidi watu huko Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakwisha. Yeremia anawaandikia mateka kinyume: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto wenu huko huko, kwa maana ni miaka sabini. Wengi waliousikia waraka ule ukisomwa walikuwa wanaambiwa kwamba watazikwa ugenini, na kwamba hata hivyo Mungu hajawasahau. Ndiyo faraja yake, nayo ni kubwa. Lakini leo kijana asiye na kazi anapewa mstari huu kama hati ya kwamba mlango utafunguka mwezi ujao. Tumemtia Yeremia maneno ya Hanania.

Namba za sura na mistari zimechangia sana. Sura tulizo nazo zinahusishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, Wakristo waliisikia Biblia bila kuweza kusema "sura fulani, mstari fulani". Namba ni msaada wa kutafutia, sizikatai. Ila zimetuzoesha kuingia nyumba kwa dirishani: tunadondokea katikati ya chumba bila kujua ni jikoni au ni chumba cha mgonjwa.

Chumba cha mwisho ndicho kinachotisha watu. Ufunuo wa Yohana unapiga hodi mara tatu ndani ya mistari minne ya kwanza: mstari wa 1 unajiita ufunuo, wa 3 unajiita unabii, wa 4 unaanza kama barua, "Yohana, kwa yale makanisa saba yaliyoko Asia". Makanisa hayo, Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia, yalikuwa na waumini wenye majina na hofu zao, chini ya dola ya Rumi, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mnyama mwenye pembe kumi na vichwa saba ni lugha ya mafumbo waliyoizoea, iliyochotwa kwa Danieli na Ezekieli. Tumesikia mara ngapi kwamba chapa ya mnyama ni kadi fulani, au chanjo fulani? Watu wameacha kuchanja watoto kwa sababu ya fumbo lililosomwa kama tangazo la gazeti. Barua hii ilipaswa kwanza kueleweka Smirna.

Wapo watakaoniambia, na wamekwisha kuniambia, kwamba kuzungumzia aina za maandiko ni kuipunguza Biblia, kuifanya fasihi. Hunisomea 2 Timotheo 3:16, kwamba kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa kwa mafundisho. Nakubali, tena kwa moyo wote. Na andiko lafaa kwa jinsi lilivyoandikwa. Waebrania unafunguka kwa kusema kwamba Mungu alisema zamani na baba zetu katika manabii "kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi". Kama yeye alichagua njia nyingi, sisi ni nani tuzisawazishe zote ziwe njia moja? Zaburi 137 inamalizika kwa kumwita heri atakayewaseta watoto wa Babeli juu ya mwamba. Ukiifanya amri, umeifanya Biblia kitabu cha mauaji. Ukiisikia kama kilio cha watu walioona watoto wao wakifanyiwa hivyo, unaelewa kwa nini Mungu aliruhusu kilio kile kiandikwe: hakutaka waliodhulumiwa waje mbele zake na maneno ya kujipamba.

Ningependa walimu wa Shule ya Jumapili, kila wanapompa mtoto mstari wa kukariri, wamfundishe na jibu la maswali mawili: anayesema ni nani, na anasema kwa namna gani, anaimba, analia, anaandika barua, anatoa amri, anatega kitendawili? Mtoto wa miaka minane anaweza. Anayafanya hayo kila usiku bibi anapoanza hadithi.

Nilirudi kwa yule mama wiki mbili baadaye, peke yangu. Sikumwambia lolote juu ya mzee wa kanisa. Nilimfungulia Zaburi 88, ambayo ni maombolezo, na karibu peke yake kati ya maombolezo ya Zaburi haigeuki kuwa sifa mwishoni. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Nilimsomea taratibu, mistari yote kumi na minane, bila kuieleza. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akaniomba niirudie tangu mwanzo.